Umaskini uliozaa ufundi: kwa nini picha za karate za zamani hazichuji

Mtu akikuuliza picha nzuri ya sinema ya mapigano hujulikanaje, mwambie atazame miguu. Uso hudanganya, na ngumi hudanganya zaidi, maana ngumi ya mtu mmoja yaweza kukatwa kwenye meza ya uhariri ikaunganishwa na shavu la mtu ambaye siku hiyo hata hakuwapo. Miguu haina ujanja huo. Mguu mmoja umekita chini, unazunguka kwa unyayo wa mbele, nyonga inapanda, na nyonga ile ndiyo inayoutupa mguu wa pili hadi usoni kwa adui. Ama mchezaji anaijua kazi hiyo ama haijui, na kamera iliyosimama mbali kidogo itasema ukweli. Picha za karate za zamani, zile za Hong Kong za kati ya miaka ya 1960 na 1980 na zile za bei rahisi zilizofuata kutoka Marekani, zinatuonyesha miguu. Nyingi za leo, zenye pesa za kujenga mji mzima na kuubomoa, hazituonyeshi.

Wanaozidharau husema zinapendwa kwa mazoea tu: ndizo zilizokuwa kwenye vibanda vya video, kwenye kaseti zilizochakaa, na aliyekulia nazo hawezi kuziacha. Mazoea hayaelezi kwa nini kijana wa Malindi ambaye hajawahi kushika kaseti anaiangalia kwenye simu picha iliyopigwa kabla babake hajaoa, akairudisha nyuma teke moja mara tatu. Anachokirudia ni kazi ya mwili. Anataka kuona jamaa alivyofanya, na picha inamruhusu aone.

Tuanze na pesa, maana ndizo zilizoamua mengine yote. Shaw Brothers, kampuni ya sinema, walifungua studio yao ya Clearwater Bay, Hong Kong, mwaka 1961. Ndani yake mlikuwa na kumbi za kupigia picha, mitaa ya bandia ya China ya kale, karakana za mavazi, na mabweni ya wachezaji waliofungwa kwa mikataba. Ngazi zilezile na nyumba ileile ya wageni zilitumika picha baada ya picha. Wakati wa kupiga hawakurekodi sauti; maneno na vishindo vyote vilipachikwa baadaye chumbani, ndiyo maana midomo na maneno haviendi pamoja. Lakini uamuzi huo wa kubana matumizi uliwapa uhuru mkubwa. Mwongozaji aliweza kupaza sauti kuelekeza huku kamera ikienda, fundi seremala hakuhitaji kunyamaza, na kamera ingeweza kuwekwa popote bila hofu ya maikrofoni kuonekana.

Golden Harvest, kampuni nyingine ya sinema ya Hong Kong iliyoanzishwa mwaka 1970, ilimpeleka Bruce Lee Thailand mwaka uliofuata kupiga The Big Boss kwa bajeti inayotajwa kuwa karibu dola 100,000. Kwa kiasi hicho hununui milipuko wala magari ya kuvunja. Kilichopatikana kwa bei ya chini kilikuwa watu wenye miili iliyofundishwa tangu utotoni, na Hong Kong ilikuwa nao kwa sababu ambayo haikuhusiana na sinema hata kidogo. Jackie Chan aliingizwa katika shule ya opera ya Kichina ya mwalimu Yu Jim-yuen mwaka 1961, akiwa na miaka 7, kwa mkataba wa miaka 10. Sammo Hung na Yuen Biao walipitia humo humo. Walifundishwa kusimama kwa mikono, kupindua hewani, kuimba, kushika mkuki na upanga, na kufanya yote hayo kwa mapigo ya ngoma na matoazi. Soko la opera lilipofifia, vijana hao waliingia kwenye sinema kama wacheza stanti, yaani watu wa kuruka na kuanguka, na sinema ikapata bure matunda ya miaka kumi ya mazoezi.

Upande mwingine walikuwapo watu wa ukoo wa kung fu wenyewe. Lau Kar-leung, aliyekuwa mpangaji wa mapigano wa Shaw kabla ya kuanza kuongoza picha mwaka 1975, alifundishwa na babake, Lau Cham. Lau Cham alikuwa mwanafunzi wa Lam Sai-wing, naye Lam alikuwa mwanafunzi wa Wong Fei-hung, yule tabibu na mpiganaji wa Guangdong ambaye tangu 1949 ametengenezewa mfululizo mrefu wa picha. Kwa hiyo Lau alipomwonyesha mchezaji namna ya kukaa kwenye mkao wa farasi, miguu imetanuliwa na magoti yamekunjwa, hakuwa anabuni. Alikuwa anapitisha alichopokea.

Hapa ndipo mtazamaji wa Lamu anapokuwa na faida ambayo wachambuzi wengi hawana. Aliyesimama kwenye duara la kirumbizi wakati wa Maulidi au harusini anajua kwamba pambano ni mapigo. Wanaume wawili wanaingia na bakora zao, ngoma na zumari zinakwenda, mmoja anarusha, mwenzake anakinga, wanaachana, wanazungukana, wanarudiana. Uzuri wa kirumbizi haupimwi kwa nani kaumia. Unapimwa kwa namna bakora inavyofika juu ya pigo la ngoma, na namna yule anayekinga anavyokuwa tayari bila kuonyesha kwamba alikuwa tayari. Mchezaji anayerusha ovyo ovyo, haraka haraka bila kusimama, anawachosha watu.

Pambano la Hong Kong limejengwa vivyo hivyo, na sababu ni ile opera. Litazame lolote lililo zuri: kuna kishindo cha mapigo matano au saba mfululizo, kisha kila kitu kinaganda. Wapiganaji wanashikilia mkao, jicho kwa jicho, kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Kisha linaanza tena, na safari hii kuna kitu kimebadilika: mmoja kapoteza silaha, mwingine kagundua udhaifu. Ule mgando ndio unaomfanya mtazamaji ahesabu yaliyopita na kuyangoja yajayo. Ukiuondoa, hata mapigo mia yanakuwa kelele moja ndefu.

Ndiyo maana pia waliotoka kwenye dansi walifanikiwa humo. Cheng Pei-pei, steringi wa Come Drink with Me ya mwaka 1966, alikuwa na mafunzo ya dansi. Michelle Yeoh alisomea baleti Uingereza na hakuwa mpiganaji alipoingia kwenye sinema za Hong Kong katikati ya miaka ya 1980. Walichokuwa nacho ni sikio la mapigo na mwili unaotii, na mengine walifundishwa kazini. Ni jambo la kukumbuka kwamba picha hizi zinazosemwa kuwa za wanaume watupu zilimpa mwanamke upanga na nafasi ya kwanza miaka mingi kabla ya studio kubwa za Marekani kufikiria hivyo.

Chukua pambano moja ulichunguze kwa karibu: lile la Bruce Lee na Chuck Norris ndani ya Colosseum, mwishoni mwa Way of the Dragon ya mwaka 1972, picha ambayo Lee aliiandika na kuiongoza mwenyewe. Hadithi iko Roma, lakini sehemu kubwa ya pambano hilo ilipigwa studio Hong Kong. Kwanza wanajinyoosha. Hakuna anayempiga mwenzake. Tunaona mgongo, mabega, viungo vinavyolia, na paka mdogo anayetazama. Hiyo ni kazi yenye maana: tunapewa nafasi ya kupima miili miwili, mmoja mzito, mmoja mwembamba, kabla haijakutana. Mzunguko wa kwanza Lee anapigana kwa mkao mgumu, naye anaangushwa. Kisha anabadili. Anaanza kurukaruka kwa vidole vya miguu, mabega yamelegea, na tangu hapo Norris anapiga mahali ambapo mtu ameshaondoka. Hakuna neno lililosemwa, na bado hata mtoto anaelewa nini kimebadilika, kwa sababu kamera imewaweka wote wawili ndani ya fremu kuanzia kichwa hadi unyayo. Kamera ingekaa usoni, mabadiliko hayo yasingeonekana kabisa, maana yalitokea miguuni. Mwisho Norris, goti limeshavunjika, anakataa kukubali, na Lee anamuua kwa huzuni iliyo wazi, kisha anamfunika kwa koti lake na mkanda wake. Adui amepewa heshima yake. 

Sasa ufundi wenyewe, maana wengi hudhani siri ni kupiga kweli. Mapigo ya mwilini, tumboni na kifuani, mara nyingi yaligusa kweli, chini ya nguo kukiwa na kinga. Ya usoni hayakugusa. Kati ya ngumi na taya huachwa nafasi ya kama shubiri moja, na kazi ya kamera ni kuificha shubiri hiyo. Ikiwa kamera iko ubavuni kabisa, wapiganaji mmoja kushoto na mwingine kulia, nafasi inaonekana kama mchana na picha imekufa. Kamera inatakiwa isimame nyuma ya bega la mmoja wao, ili ngumi ipite mbele ya uso au nyuma yake, katika mstari mmoja na lenzi. Lenzi ndefu husaidia zaidi, kwa kuwa huvibana vitu vya mbele na vya nyuma vikaonekana vimekaribiana. Anayepigwa ndiye mwenye kazi ngumu: kichwa chake lazima kigeuke kuelekea kule ngumi inakokwenda, na kigeuke wakati uleule inapopita. Akichelewa hata kidogo, pigo linaonekana la bandia. Akitangulia ni vibaya zaidi, kwa sababu anaonekana kaanguka kwa upepo.

Kisha kuna poda. Wapangaji wa Hong Kong waliwapaka wachezaji poda kwenye nguo, na teke lilipofika kifuani vumbi lilifumuka. Jicho huliamini vumbi, kwani linathibitisha kwamba nguvu imetoka hapa ikafika pale. Tena kuna mwendo. Kawaida filamu hupigwa fremu 24, yaani picha moja moja 24, kwa sekunde. Wao walipiga 22, na kwa kuwa inaonyeshwa kwa 24, pambano linakwenda haraka kwa takriban asilimia 9. Ukipiga 20, ni asilimia 20 kamili, na hapo mtazamaji mwenye jicho ataanza kuona nguo na nywele zikishuka haraka kupita kiasi. Chini ya 18, wapiganaji wanakuwa vichekesho.

Na kuna uhariri, ambao kwa maoni yangu ndio siri iliyofichika zaidi. Mguu unapofika, mhariri anakata kutoka fremu pana kwenda ya karibu. Mwenye akili ya kawaida angeunganisha mahali palepale mguu ulipoishia. Wahariri wa Hong Kong walirudi nyuma fremu mbili hadi nne, kwa hiyo sehemu ndogo mno ya pigo inaonekana mara mbili. Jicho halioni marudio. Linahitaji fremu hizo chache ili kuizoea picha mpya, na likishaizoea pigo ndilo linafika. Ukiunganisha kwa hesabu kamili, pigo linapotea ndani ya mkato.

Kwa nini basi picha zenye pesa nyingi zinashindwa? Hong Kong walikuwa wakipiga vipande vifupi vya mapigo matatu, manne, hadi saba, kwa kamera moja, na mpangaji wa mapigano alijua kabla ya kupiga mkato utakuja wapi. Kila kipande kiliwekewa kamera mahali panapokifaa, kikarudiwa mara kumi, ishirini, mpaka kikae. Studio kubwa huweka kamera kadhaa kwa pamoja na kupiga pambano zima, kisha humwachia mhariri achague. Matokeo yake kila pigo linakuwa sahihi kwa kamera moja na baya kwa nyingine zote. Juu ya hayo steringi ni mwigizaji maarufu aliyefundishwa kwa wiki chache, na kampuni ya bima haitaki aanguke. Njia ya kuficha hayo yote ni kutikisa kamera na kukata kila baada ya nusu sekunde. Mtindo huo ulienea sana baada ya mwaka 2000. Unakupa fujo, lakini nani kampiga nani, kwa mkono gani, na yuko upande gani wa chumba, hujui.

Sisemi kila cha bei rahisi ni kizuri. Kulikuwa na makampuni ya Hong Kong katika miaka ya 1980 yaliyonunua picha za nchi nyingine za Asia, yakapiga vipande vipya vya wazungu waliovaa nguo za ninja, yakaviunganisha na kupachika hadithi mpya kwa mdomo. Ni rahisi kuzitambua: wachezaji wa picha iliyonunuliwa na wale wa vipande vipya hawaingii kamwe kwenye fremu moja, wanazungumza kwa simu tu. Hizo ni biashara, na mtazamaji aliyelipa pesa yake kibandani alidhulumiwa. Bloodsport ya mwaka 1988 iko katikati. Teke la steringi wake, Jean-Claude Van Damme, linarudiwa kwa slo mosheni kutoka pembe hii na ile mpaka linapoteza uzito, na hadithi iliyotangazwa kuwa ya kweli imetiliwa shaka sana. Ila mpangilio wa mashindano uliiokoa. Kila mpiganaji anaingia ulingoni na namna yake ya kupigana, kwa hiyo kila pambano lina wazo moja jipya, na Bolo Yeung kama adui hahitaji maneno. Anasimama tu na kifua chake, tayari tunajua steringi ana kazi.

Hilo la adui linatupeleka kwenye hadithi. Hadithi za picha hizi ni fupi: mwalimu ameuawa, au kijiji kimeonewa, kijana anakwenda kujifunza, anarudi. Wakosoaji huziona za kitoto. Mimi naona zimebana mahali panapostahili. The 36th Chamber of Shaolin ya mwaka 1978, ya yule Lau Kar-leung, inatumia sehemu yake kubwa kwenye mafunzo pekee. Gordon Liu anabeba ndoo za maji akipanda mteremko, mikono imenyooka, na chini ya mikono amefungiwa visu: akiishusha, vinamchoma mbavu. Anavuka maji juu ya magogo yanayoelea ili afike kwenye chakula. Anagonga kengele kwa nyundo iliyo kwenye mpini mrefu mpaka kifundo cha mkono kiwe imara. Kila zoezi analishindwa kwanza, mbele yetu, bila kufichwa. Baadaye katika pambano tunaliona zoezi lilelile likigeuka kuwa silaha, na tunajua limetoka wapi kwa sababu tulikuwapo. Katika mji ambao kijana huanza ufundi wa kuchonga milango au kuunda majahazi kwa kumtumikia fundi, kuokota vumbi la mbao na kunoa patasi kabla ya kuruhusiwa kugusa ubao wa maana, hadithi hiyo haihitaji kufafanuliwa.

Na kwa kuwa maneno ni machache, picha inamwachia nafasi mtu wa tatu: msimulizi. DJ Afro wa Kenya amejijengea jina kubwa kwa kuzisimulia picha za aina hii kwa Kiswahili cha mtaani, na Uganda wana mabingwa wao. Wapo wanaoona ni uharibifu. Kwangu ni kazi ya ufundi yenye kanuni zake, na picha za zamani ndizo zinazoifaa zaidi, kwa sababu ile migando kati ya mapigo ni mahali pa kusemea. Msimulizi mzuri huzungumza wakati wapiganaji wanazungukana, humtambulisha adui, humpa steringi ushauri, kisha hunyamaza pigo linapokuja. Mbaya huzungumza juu ya kishindo, na pambano linageuka kuwa matangazo ya mpira. Jaribu kusimulia picha ya kisasa yenye mikato ya nusu sekunde utaona: hakuna mahali pa kuingiza hata neno moja.

Uthibitisho kwamba mambo haya hayajapita uko karibu nasi. Huko Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex?, iliyotoka mwaka 2010, kwa bajeti inayotajwa kuwa chini ya dola 200. Bunduki zake ni vyuma chakavu, milipuko ni ya kompyuta na inaonekana wazi ni ya kompyuta, lakini vijana wanaopigana wanapigana kweli, matope yanaruka, na msimulizi yumo ndani ya picha. Imetazamwa duniani kote. Kwa hiyo kijana wa Lamu au Malindi mwenye simu na marafiki wanne wanaojua kuanguka asingoje mfadhili.

Lamu kwenyewe kumejaliwa. Vichochoro vya mji wa kale ni vyembamba kiasi kwamba watu wawili wakipishana mmoja hujibana ukutani, na wembamba huo unakulazimisha uweke kamera mbele au nyuma ya wapiganaji, yaani kwenye mstari uleule unaoificha ile shubiri. Huwezi kukosea pembe hata ukitaka. Tatizo ni kuta: zile za mawe ya matumbawe zilizobanduka chokaa zinachuna ngozi, kwa hiyo viwiko na magoti vifungwe vitambaa chini ya nguo, na teke la mzunguko liachwe, kwani halina nafasi. Tumia viwiko, magoti, na ngumi za moja kwa moja. Weka mtu kila mwisho wa kichochoro wa kuzuia punda na wapita njia, na usipige karibu na msikiti nyakati za sala.

Malindi shida ni jua. Ufukweni saa sita mchana simu itajipandishia yenyewe kasi ya shata, yaani itaufupisha muda wa kupokea mwanga kwa kila fremu, hadi 1/1000 ya sekunde au zaidi, na mikono itaonekana ikirukaruka bila ule ukungu mdogo unaoliunganisha pigo. Funga shata kwenye 1/50 kwa fremu 25. Mwanga ukizidi, weka kichujio cheusi mbele ya lenzi, au ngoja saa kumi alasiri, jua likiwa upande wa mji na bahari ikiwa na mwanga laini. Mchanga mkavu unameza mguu, hakuna atakayeweza kuzungukia juu yake. Pigania kwenye mchanga mbichi maji yakipwa, na panga vipande kwa mfuatano, maana baada ya saa chache maji yatajaa na uwanja wako hautakuwapo. Wakati wa kusi mwani hujaa ufukweni na unateleza vibaya. Ondoa kwanza.

Kwa vumbi la nguo tumia poda ya mtoto au unga kidogo wa ngano. Msitumie chokaa kamwe, hata kama iko tele, kwa kuwa inaunguza macho. Kwa kuanguka, kusanyeni makatoni matupu madukani, yapangeni tabaka mbili bila kuyafunga kwa gundi ili hewa ipate pa kutokea, juu yake godoro. Asiyefundishwa asianguke kutoka juu ya kimo cha meza. Kasi ya pambano ongezeni kwenye uhariri kwa asilimia 8 hadi 10, zaidi ya hapo acheni.

Sauti ya ufukweni msihangaike nayo, upepo utaiharibu. Fanyeni kama Shaw, pigeni bila sauti mkaipachike chumbani. Tundikeni magodoro ukutani kuzuia mwangwi. Mlio wa mkono unaopita ni bakora nyembamba ikichapwa hewani, shubiri mbili kutoka kwenye simu inayorekodi. Pigo la mwilini ni kubazi la ngozi likipigwa kwenye gunia la mchele, na juu yake pachikeni sauti ya pili, kanga iliyokunjwa ikichapwa mezani, ili kuwe na uzito na ukali pamoja. Mfupa unaovunjika ni kijiti kikavu cha muhogo. Kabla ya pigo kubwa ondoeni sauti zote kwa robo ya sekunde. Kisha wekeni kishindo fremu moja au mbili baada ya ngumi kufika. Kikitangulia, mtazamaji hataweza kuitaja kasoro, lakini hataliamini pigo.